Kabla Hujabandika Namba Mgongoni

Mtu anayeendesha baiskeli kilomita 20 kwa saa, akitaka kufika 40, asidhani atahitaji nguvu mara mbili. Kwa upande wa upepo peke yake atahitaji mara nane. Kasi ikiongezeka mara mbili, hewa inakuzuia mara nne zaidi, na kwa kuwa sasa unaisukuma hewa hiyo kwa mwendo wa mara mbili, jasho linafika mara nane. Kwenye lami tambarare, ukiwa kilomita 40 kwa saa, zaidi ya robo tatu ya nguvu zako zinaishia katika kupasua hewa. Kinachobaki ndicho wanachogawana tairi, cheni na beringi.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu karibu kila anayenijia akitaka kuingia mashindanoni kwa mara ya kwanza huuliza habari za baiskeli. Anunue ya kaboni au ya alumini? Rimu pana au nyembamba? Upepo haulizi mtu. Mimi nimeshindana kwa ridhaa kwa misimu ya kutosha, mwisho wa juma, kazi ikinisubiri Jumatatu asubuhi, na mengi ninayoyajua kuhusu mchezo huu ni majibu ya swali moja: nani anaukata upepo sasa hivi, na kwa nini niwe mimi?

Mashindano ya barabarani yana sura mbili. Kuna mbio za saa, ambapo mnaachiwa mmoja mmoja, kwa kawaida kila baada ya dakika moja, ni marufuku kukaa nyuma ya mwenzako, na mwenye muda mdogo ndiye mshindi. Kuna mbio za kundi, ambapo wote mnaondoka pamoja na wa kwanza kuvuka mstari ameshinda, hata kama njia nzima alikuwa amejibanza migongoni mwa watu. Wengi huzichukulia kama mchezo mmoja. Kwangu ni michezo miwili inayotumia chombo kimoja. Septemba 2025, ubingwa wa dunia ulipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali, Remco Evenepoel wa Ubelgiji alishinda mbio za saa za kilomita 40.6, na njiani akampita Tadej Pogačar wa Slovenia aliyekuwa ameachiwa dakika mbili na nusu kabla yake. Juma moja baadaye, kwenye mbio za kundi za kilomita 267.5, Pogačar alishambulia zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, akashinda, na Evenepoel akashika nafasi ya pili. Watu ni wale wale na mji ni ule ule, ila sheria za upepo zilikuwa zimebadilika.

Ushauri wangu ni kwamba uanze na saa. Wengi hufanya kinyume. Hukimbilia mbio za kundi kwa sababu ndizo zenye shangwe, spika kubwa na zawadi za jukwaani. Wanaachwa kabla hata mji haujaisha, na wanarudi nyumbani bila kujua kilichowaangusha: miguu, woga, au kukaa nyuma mno? Saa haina maneno mengi. Inakwambia leo uko hivi kwenye barabara hii, na mwezi ujao itakwambia tena. Isitoshe, kwenye mbio za saa hakuna wa kukugonga gurudumu.

Tafuta kipande cha lami cha kilomita 10 kisicho na matuta wala makutano, chenye mahali salama pa kugeuzia. Sisi wa Arusha tuna barabara ya Namanga baada ya kuteremka Oldonyo Sambu, na ile ya Makuyuni, mradi uwe umemaliza kabla mabasi ya asubuhi hayajaanza kukimbizana na ratiba. Nenda, geuka, rudi. Tuseme wakati wa kwenda upepo ulikupinga ukatembea kilomita 30 kwa saa, na wakati wa kurudi ukakusukuma ukatembea 40. Hizo ni dakika 20 na dakika 15. Sasa, kama ulibakiwa na akiba kidogo ya nguvu, ungeitumia wapi? Ukipandisha mwendo wa kwenda kutoka 30 hadi 31, unaokoa sekunde 39. Ukipandisha wa kurudi kutoka 40 hadi 41, unaokoa sekunde 22 tu, na jasho lake si dogo kuliko la kwanza. Kwa hiyo ziada yako iweke palipo pagumu, kwenye upepo wa mbele na kwenye mwinuko, kwa kuwa huko ndiko unakokaa muda mrefu. Mteremkoni na upepo ukiwa mgongoni, kunja mwili, pumua, jikusanye. Anayeanza hufanya kinyume kabisa: anajihurumia akipanda, kisha anajiua akishuka kwa sababu huko ndiko anakojiona ana kasi.

Nasema ziada kidogo, na neno kidogo lina uzito wake. Mbio za saa huharibika katika dakika tatu za mwanzo kuliko mahali pengine popote. Miguu imepumzika, damu inachemka, mwachiaji amekuhesabia tano, nne, tatu, na ghafla unaona kilomita 45 kwa saa ni kitu cha mchezo. Mapigo ya moyo hayatakuonya, kwa sababu huchelewa. Kipimo kinapofika kwenye namba uliyoikusudia, tayari umeshakopa. Deni hilo halilipwi ukiwa bado unakanyaga. Vipo vipima nguvu vinavyofungwa kwenye pedeli, ila bei ya kimoja inanunua baiskeli nzima ya mtumba, na pumzi inatosha. Theluthi ya kwanza ya njia uwe bado unaweza kusema sentensi fupi. Theluthi ya pili yawe maneno mawili matatu. Ya mwisho usiweze kujibu hata salamu. Kama kwenye theluthi ya kwanza hujisikii kwamba unakwenda polepole kidogo kuliko unavyotaka, basi umekwenda kasi mno.

Baada ya mgawanyo wa nguvu, linalofuata kwa faida ni umbo la mwili. Sehemu kubwa ya hewa unayoipasua unaipasua kwa mabega, kifua na kichwa chako, wala si kwa baiskeli. Kukunja viwiko hadi mikono ya mbele ilale sambamba na barabara, kushusha kichwa kati ya mabega na kuvaa fulana inayobana badala ya ile inayopepea, vyote hivyo havina bei ya kutisha. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Tour de France ya 1989. Siku ya mwisho, mbio za saa za kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris, Mmarekani Greg LeMond alikuwa nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50. LeMond alifunga kwenye usukani vile vipini vya mbele vya kuegemeza viwiko, ambavyo wengi waliviona kituko wakati ule, akavaa helmeti yenye mkia. Fignon aliendesha kichwa wazi, nywele zake zikiwa zimefungwa nyuma. LeMond alimpita kwa sekunde 58 siku hiyo na kutwaa mashindano yote, ya zaidi ya kilomita 3,200, kwa tofauti ya sekunde nane.

Usikimbilie kununua vipini hivyo leo, hata hivyo. Umbo lolote usiloweza kulishika kwa dakika 30 huku ukivuta pumzi hadi tumboni ni la kupigia picha. Fanya mazoezi ukiwa umekunjama, kwanza dakika tano, baadaye kumi, ili kiuno na shingo vizoee. Na ukivinunua, usijitokeze navyo kwenye mbio za kundi. Vimekatazwa, na kwa haki, kwa sababu mkono unakuwa mbali na breki.

Sasa kundi.

Ukikaa nyuma ya mwenzako, gurudumu lako likiwa nusu mita kutoka lake, unapunguza kazi yako kwa theluthi moja hivi, na ukiwa katikati ya kundi kubwa unaokoa zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba kwenye barabara tambarare mtu wa kawaida anaweza kubaki na bingwa saa nzima, na bingwa hana la kumfanya. Sanaa yote ya mbio za kundi inatoka hapo: kutotumia. Anayefika kilomita tatu za mwisho akiwa hajawahi kuuona upepo ana silaha ambayo mwenye miguu bora, aliyevuta kundi ili aonekane, hana tena.

Kukaa kwenye gurudumu kuna adabu zake. Usilikodolee macho gurudumu la mbele. Tazama nyonga au mabega ya aliye mbele yako, na mara kwa mara mtazame aliye mbele yake, kwa sababu habari ya shimo au breki huanzia mbali. Usiingize gurudumu lako la mbele ubavuni mwa la nyuma la mwenzako. Akiyumba kidogo, yeye hatahisi kitu, na wewe utakuwa chini. Usifunge breki ghafla. Ukiwa umesogea mno, toka kidogo pembeni upepo ukupunguze mwendo, kisha rudi. Onyesha mashimo kwa kidole, au piga kelele. Kundi letu lina lugha yake, “Shimo kushoto!”, “Gari nyuma!”, na anayekaa kimya huonekana mshamba hata akiwa na baiskeli ya mamilioni.

Zamu yako ya kuvuta ikifika, makosa ya kawaida ni kuongeza kasi. Mtu aliyekuwa amejikinga anafika mbele akiwa na nguvu mpya, anakanyaga kwa fahari, na kundi linakatika vipande nyuma yake. Shika mwendo ule ule uliokuwepo, vuta sekunde 20 au 30, kisha toka kwa upande unakotokea upepo na uwaache wenzako wapite upande uliokingwa. Zamu fupi humchosha kila mtu kidogo. Zamu ndefu humuua mmoja. Kama huna nguvu, kaa mkiani mwa mzunguko na useme wazi kwamba umechoka. Hakuna atakayekulaumu. Watakulaumu ukikaa kimya nyuma kilomita 40, halafu uwachomokee mwishoni, na Jumamosi ijayo hakuna atakayekupa nafasi ya kujikinga.

Kwenye mbuga zetu, upepo wa ubavu huvunja makundi mengi kuliko milima. Chukua barabara inayokwenda kaskazini kupitia Longido. Upepo ukitokea mashariki unakupiga ubavu wa kulia, na mahali pa kujikinga hapako tena nyuma ya mwenzako moja kwa moja, pako nyuma kushoto kwake. Wajuzi hujipanga mshazari: wa kwanza karibu na mstari wa katikati, wa pili kushoto kwake nyuma kidogo, na kuendelea hadi ukingo wa lami. Lami ikiisha, nafasi zimeisha. Waliobaki wanajipanga mstari mmoja ukingoni, juu ya changarawe, kila mmoja akiamini amejikinga na hakuna aliyekingwa, na dakika chache baadaye kundi lina vipande vitatu. Ukijikuta huko, usipigane kushikilia mkia wa mshazari wa kwanza. Waite walio nyuma yako, anzisheni wa pili. Lakini dawa hasa ni kuisoma ramani siku moja kabla, ujue barabara inapinda wapi na upepo utakuwa upande gani baada ya kona hiyo, halafu uwe miongoni mwa kumi wa mbele kabla ya kufika. Baada ya kona ni kuchelewa.

Kukaa mbele, si mbele kabisa, ni dawa ya mambo mengine pia. Kundi likiingia kwenye kona, wa mbele wanapunguza kidogo na kuondoka; wa nyuma wanasimama karibu kabisa, kisha wanalazimika kukimbia kwa nguvu zote kuziba pengo. Kona kumi za namna hiyo na miguu imekwisha, na hapo bado hakuna aliyeshambulia. Mlimani pia, kama wewe ni mzito kama mimi, anza kupanda ukiwa kati ya watu wa kwanza na ujiruhusu kurudi nyuma taratibu, mmoja baada ya mwingine anakupita, na ukifika kileleni bado uko ndani ya kundi. Aliyeanza kupanda kutoka mkiani hana pa kurudi. Na usilegee kileleni. Wenye akili hushambulia pale juu, mwinuko unapoisha, kwa sababu ndipo kila mtu anapovuta pumzi.

Ukiachwa, usikimbize kundi peke yako hadi macho yafunge giza. Nyuma yako wapo wengine walioachwa. Wasubiri, pangeni zamu, mnaweza kulifikia kundi likizubaa. Na kama hamlifikii, malizeni, au shukeni, bila aibu. Kule Kigali waliomaliza mbio za kundi za wanaume walikuwa 30 kati ya zaidi ya 160 walioanza, na wale wengine zaidi ya 130 hawakuwa wavivu.

Kuhusu mteremko nitakuwa mkali kidogo. Mashindano ya ridhaa mara nyingi hufanyika kwenye barabara ambayo haijafungwa kabisa, na hakuna nafasi duniani inayostahili kuipatia kwa kukata kona upande wa magari yajayo. Shika usukani pale chini ulipopinda, vidole viwili kwenye breki. Punguza mwendo kabla ya kona, kwa breki zote mbili, kisha ziachie. Anayefunga breki katikati ya kona anaomba kuteleza. Pedeli ya upande wa nje iwe chini, na uzito wako juu yake. Tazama unakotaka kutokea, maana baiskeli hufuata macho. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya kuliko mvua kubwa, kwa sababu inanyanyua mafuta na vumbi lililoganda barabarani. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa nahodha wa timu ya Amani na mmoja wa waendeshaji wazoefu zaidi katika ukanda wetu, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka akiwa kwenye kasi kubwa katika mbio za barabara ya changarawe huko Vermont, Marekani. Nalitaja jina lake kwa heshima, na kwa vijana wanaodhani ajali ni za wanaojifunza.

Hapo hapo nizungumzie tabia ya kujibanza nyuma ya Fuso wakati wa mazoezi. Ninajua inapendeza, lori linakupa kilomita 60 kwa saa bila jasho. Huoni shimo, huoni tuta, dereva hakuoni, na breki zake hazikusubiri. Acha.

Chakula kina wataalamu wake, lakini kwa mwendeshaji wa ridhaa ni hesabu nyepesi. Mwili una akiba ya wanga ya kutosha saa moja na nusu hadi mbili za kazi ngumu. Kwa hiyo kwenye mbio za saa za nusu saa huhitaji kula chochote njiani. Kunywa maji kabla. Kwenye mbio za kundi za saa tatu unahitaji gramu 60 hivi za wanga kila saa, na uanze ndani ya nusu saa ya kwanza, kabla ya njaa. Ukisubiri njaa, umechelewa. Ndizi mbivu ya kawaida ina gramu 25 hivi. Tende ni nzuri kwa sababu haziharibiki mfukoni na hazihitaji kumenywa kwa mikono miwili. Toa kokwa nyumbani. Kinywaji tengeneza mwenyewe: lita ya maji, vijiko vitano vya mezani vya sukari, robo ya kijiko cha chai cha chumvi, ndimu. Kula kifungua kinywa saa tatu kabla ya kuanza, uji na mkate au viazi vitamu. Chipsi mayai ya stendi iache kwa ajili ya safari ya kurudi.

Na baiskeli? Nimeiweka huku nyuma makusudi. Ya mtumba inatosha, mradi fremu haina ufa na inakutosha mwili. Fedha za kwanza ziende kwenye matairi mazuri, raba za breki, cheni na helmeti. Cheni pima kwa rula: kutoka pini moja hadi ya ishirini na nne baada yake ni milimita 305 hivi, ikizidi 306 na nusu imevutika, ibadilishe kabla haijakula meno ya gia, maana hayo ndiyo ya bei. Tairi usilijaze hadi liwe jiwe. Mtu wa kilo 70 mwenye matairi ya milimita 28 hahitaji zaidi ya psi 80, na kwenye lami yetu yenye mikwaruzo hata 70 inakwenda vizuri zaidi, kwa sababu tairi gumu linarukaruka na kila mruko ni mwendo uliopotea.

Nilikuwapo kijana mmoja alipomwendea fundi tunayemtegemea na kusema, “Mzee wangu, shikamoo. Naomba unitafutie gia kubwa zaidi ya mbele, nataka kasi.”

“Marahaba. Hiyo uliyonayo umeshaimaliza?”

“Bado, ila…”

“Basi kaimalize kwanza, mwanangu. Mimi nitakutafutia kubwa ya nyuma, ya mlimani.”

Fundi alikuwa sahihi. Waanzao wengi hukanyaga gia nzito polepole, wakidhani uzito ndio nguvu, na magoti yao hulipa. Jizoeze kuzungusha pedeli mara 80 hadi 100 kwa dakika. Utajiona kituko juma la kwanza.

Mazoezi ya mtu mwenye ajira hayawezi kuwa mengi, na hayana haja ya kuwa mengi. Siku nne kwa juma zinatosha kukufikisha mahali pa kushindana bila kuvunja ndoa. Safari moja ndefu, polepole hadi uone haya, saa tatu au zaidi. Siku moja ya vipande vikali: dakika nane za mwendo wa mbio za saa, dakika nne za kupumzika, mara nne. Siku moja na kundi, kwa ajili ya ujuzi zaidi kuliko nguvu. Siku moja nyepesi. Kinachoharibu wengi ni kufanya siku zote nne kwa ukali wa katikati, si polepole wala si kasi, kwa sababu kila mazoezi wanayafanya mashindano. Kabla ya mbio za saa pasha mwili moto dakika 20 au 30, kwa sababu unaanza kwa kasi kamili. Kabla ya mbio za kundi, dakika kumi zinatosha, kilomita za kwanza zitakupasha zenyewe.

Kama mmefika mwishoni mkiwa kundi zima, usiwe wa kwanza mita 500 kabla ya mstari. Chagua mgongo wa mtu mmoja anayejua kumalizia, kaa hapo, usimwachie mtu nafasi. Upepo ukiwa wa mbele, subiri hadi mita 150. Ukiwa wa nyuma, unaweza kutoka 300. Ukishatoka, shika mstari wako ulionyooka. Anayeyumba kushoto na kulia kwenye kasi ile anawaangusha walioko nyuma, na huo si ushujaa.

Lakini mashindano ya kundi ni machache, yanahitaji wafadhili, gari la wagonjwa na vibali vingi. Mbio za saa mnaweza kuziandaa wenyewe kila mwezi. Waingereza walizianza kwa sababu ya shida: miaka ya 1890 polisi na chama chao cha baiskeli hawakutaka makundi barabarani, na mwaka 1895 Frederick Bidlake akaandaa mbio za maili 50 ambazo waendeshaji waliachiwa mmoja mmoja. Kwa miaka mingi baadaye walishindana alfajiri, wamevaa nguo nyeusi, kwenye njia zilizotajwa kwa namba za siri ili wasivutie macho. Makarani, mafundi na wafanyakazi wa viwandani waliweza kushindana asubuhi ya Jumapili na kuwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Kinachohitajika ni saa moja ya kuaminika, daftari, kalamu, mtu wa kuachia, mtu wa kupokea, na watu wawili wenye fulana za kuakisi mwanga kwenye sehemu ya kugeuzia. Mwende mkaongee na askari wa usalama barabarani mapema. Wakisikia kwamba hakuna msafara wala barabara kufungwa, mazungumzo huwa mafupi. Taa ya nyuma iwashwe na kila mmoja hata kama jua limetoka. Mlango wa kuanzia uwe mbali na kituo cha daladala. Waachieni wanaoanza kwanza na wenye kasi mwisho, ili wote wafike karibu wakati mmoja na kusiwe na mtu wa kusubiriwa. Ukimfikia mwenzako njiani, mpite kwa upana. Ukipitwa, rudi nyuma hadi uwe nje ya kivuli chake cha upepo. Muda wa kila mmoja uandikwe, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na pembeni yake uandikwe muda wake wa mwezi uliopita. Andikeni pia upepo ulikotokea asubuhi hiyo, la sivyo mtalinganisha visivyolingana. Na atakayechelewa kufika kwenye mstari aruhusiwe kuanza, lakini muda wake uhesabiwe kuanzia dakika iliyoandikwa kwenye orodha, awepo au asiwepo.